Swichibodi ya ofisi kupitia intaneti: kukodi iliyo tayari, kusimika yako kwenye seva ya mbali, au kuweka kisanduku ofisini

Ofisi inapofikia hatua ya kutaka namba moja inayojulikana na wateja, inayopokelewa mapokezi na kuhamishiwa kwa mhasibu, ghalani au tawi la mkoani, simu za mkononi za wafanyakazi hazitoshi tena. Kinachohitajika ni swichibodi, na siku hizi karibu kila swichibodi mpya hupitisha sauti kwenye intaneti. Anayetaka kuifunga ofisini kwake, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, hukutana na njia tatu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Njia ya kwanza ni kukodi swichibodi ambayo mtoa huduma amekwisha kuisimika kwenye mitambo yake. Wewe unapewa majina ya watumiaji na nywila, unaziingiza kwenye simu za mezani, na kazi inaanza. Njia ya pili ni kukodi seva tupu kwa mwezi, mahali popote duniani, kisha kusimika humo programu ya swichibodi wewe mwenyewe au fundi wako. Programu inayotumika zaidi kwa kazi hii ni Asterisk, ambayo Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999 na ambayo ni ya bure, mara nyingi ikiwa na FreePBX juu yake ili mipangilio ifanyike kwa kivinjari badala ya kuandika mafaili kwa mkono. Njia ya tatu ni kununua kisanduku cha swichibodi, kukifunga kwenye kabati la mitambo hapo hapo ofisini, na kukiunganisha na laini ya SIP, yaani laini ya simu inayopita kwenye intaneti, ya kampuni ya simu. Mbili za kwanza ndizo swichibodi za mbali. Ya tatu nimeiingiza kwa sababu bila kuiweka kando yao ni vigumu kuona unapata nini na unapoteza nini kwa kuiondoa swichibodi jengoni.

Jambo moja liwe wazi kabla ya kulinganisha. Njia zote tatu zinatumia lugha moja ya mitambo, yaani SIP, ambayo kanuni zake za sasa zilichapishwa mwaka 2002 kwa jina la RFC 3261. Kwa hiyo simu ya mezani ya Yealink, Grandstream au Fanvil utakayoinunua leo inaweza kutumika kwenye njia yoyote kati ya hizi na kuhama nawe ukibadilisha mawazo, mradi tu muuzaji hakuifunga ikubali mtandao wake peke yake. Usichague swichibodi kwa sababu ya uzuri wa simu. Unachochagua hasa ni mahali swichibodi itakapokaa na mtu atakayeitunza.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia maswali sita, na kila njia imepitishwa kwenye maswali hayo hayo. Nani atawajibika laini ikiacha kufanya kazi? Sauti itapita njia gani, na itafika ikiwa safi? Namba ni ya nani, na unaweza kuondoka nayo? Ulinzi dhidi ya wezi wa dakika uko mikononi mwa nani? Nini kinatokea umeme au intaneti ya ofisi ikikatika? Mwisho, fedha zinatoka kwa mtindo gani? Sikuweka idadi ya vipengele kama kigezo. Kuhamisha simu, muziki wa kusubirisha, sauti inayomwambia mteja abonyeze moja au mbili, ujumbe wa sauti na ripoti za simu vyote vinapatikana katika njia zote tatu, na tangazo linalovitaja kama sababu ya kununua halikusaidii kuamua.

Nani anawajibika

Kwenye swichibodi ya kukodi, mtoa huduma anawajibika kwa mitambo, masasisho na nakala za akiba, nawe unabaki na mtandao wa ofisini. Mpaka huo unaonekana safi kwenye karatasi. Sauti ikianza kukatika, hata hivyo, mtoa huduma wa swichibodi atasema tatizo ni intaneti yako, na kampuni ya intaneti itasema laini yao ni nzima. Ofisi inayochagua njia hii inapaswa kuuliza mapema kama inaweza kupata swichibodi na faiba kutoka mlango mmoja, au angalau kama mtoa huduma wa swichibodi yuko tayari kukutumia kumbukumbu za simu iliyoharibika ili uzipeleke kwa hao wa intaneti.

Kwenye seva yako mwenyewe, mwenye seva anahakikisha mashine inawaka na mtandao wake unafanya kazi, basi. Kila kilicho juu yake ni chako: mfumo endeshi, Asterisk, vyeti vya usimbaji, nakala za akiba na kanuni za fayawoli. Anayejua kazi hii huifurahia, kwa sababu hakuna anachozuiwa kukifanya. Asiyeijua hujifunzia kwenye simu za wateja. Ninaonya pia kuhusu maelekezo ya zamani yaliyotapakaa mtandaoni, kwa kuwa mengi yanaeleza sehemu ya Asterisk iitwayo chan_sip, ambayo iliondolewa kabisa kuanzia toleo la 21 la mwaka 2023 na nafasi yake kushikwa na PJSIP. Fundi anayekuletea mipangilio ya chan_sip leo anakufungia mfumo ambao huwezi kuusasisha.

Kisanduku cha ofisini kinagawanya jukumu kwa namna nyingine. Kampuni ya simu inawajibika hadi laini ya SIP inapoingia. Kuanzia hapo ni wewe na aliyekufungia. Faida yake ni kwamba fundi anaweza kukiona, kukigusa na kukizima. Hasara ni kwamba akihama mji, aliyebaki hana nywila ya kuingilia. Nywila hiyo iandikwe na kuhifadhiwa na mwenye ofisi siku ile ile kazi inapokabidhiwa, na ushauri huu unaihusu njia ya pili kwa uzito ule ule.

Sauti na njia yake

Hapa ndipo swichibodi za mbali hufaulu au hushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uwezo wa laini si tatizo kama watu wanavyodhani. Mazungumzo moja kwa kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya kawaida, G.711, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde za sauti, na ukijumlisha vichwa vya vifurushi hufika takribani kilobiti 87 kila upande. Watu kumi wakizungumza kwa pamoja hawafikishi megabiti moja kupanda na moja kushuka. Kinachoharibu sauti ni kutotulia: mtu wa uhasibu anapandisha faili kubwa, foleni inajaa kwenye ruta, vifurushi vya sauti vinachelewa kwa viwango visivyolingana, na maneno yanatoka vipande vipande. Dawa yake ni kuipa sauti kipaumbele kwenye ruta, au kuwa na laini ndogo ya pili ya simu peke yake. Hitaji hili ni lile lile kwa njia zote tatu, ila kwenye kisanduku cha ofisini mazungumzo ya ndani kwa ndani hayatoki nje, kwa hiyo hayaathiriki.

Umbali nao una sheria zake. Pendekezo la G.114 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linasema sauti ikifika ndani ya milisekunde 150 upande mmoja, mazungumzo mengi huenda vizuri, na kuvuka 400 hakukubaliki katika kupanga mtandao. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, ambayo ni milisekunde tano kwa kila kilomita elfu moja. Swichibodi iliyoko Ulaya, kwa njia ya mikongo ya baharini inayozidi kilomita elfu kumi, inakula zaidi ya milisekunde hamsini kwa umbali peke yake, kabla ya ruta, foleni na akiba ya sauti ndani ya simu yenyewe. Bado unaweza kuzungumza. Ila kama dawati la mapokezi linampigia ghalani, na sauti inatoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ndipo irudi Dar es Salaam, umbali huo unaulipa mara mbili.

Kuna jambo zito kuliko kuchelewa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika kwenye eneo la kusini mwa bahari yetu, na intaneti ya nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, ikadhoofika vibaya. Ofisi ambayo swichibodi yake iko ng'ambo hupoteza siku kama hiyo hata simu ya chumba hadi chumba. Ofisi ambayo swichibodi yake iko nchini, iwe kwa mtoa huduma au kabatini, huendelea kupigiana na wateja wa hapa hapa. Kwa hiyo unapomwuliza mtoa huduma wa swichibodi ya kukodi kuhusu bei, swali la kwanza liwe seva zake ziko mji gani na sauti inapita wapi, na usikubali jibu la «ziko kwenye wingu». Kwa njia ya pili jibu unalichagua mwenyewe, na seva ya Nairobi au Johannesburg inaweza kuwa na thamani kwako kuliko ya Ulaya yenye bei nafuu.

Sasa tutazame kosa moja kwa karibu, kwa sababu ndilo linalowakumba wengi wanaofunga swichibodi ya mbali kwa mara ya kwanza. Simu ya mapokezi inaita. Katibu muhtasi ananyanyua mkonga, anasema, «Habari za asubuhi, karibu.» Mteja anamsikia vizuri na kujibu, lakini katibu hasikii chochote. Anarudia, «Haloo, haloo,» na baada ya nusu dakika hivi simu inakatika yenyewe. Ukipima utakuta inakatika kwenye sekunde ya 32, kila mara.

Chanzo chake ni hiki. Simu ya mezani imepewa na ruta anwani ya ndani, tuseme 192.168.1.25, na inapojibu inaiandika anwani hiyo ndani ya ujumbe wake kama mahali pa kurudishiwa sauti. Seva iliyo mbali inajaribu kutuma sauti ya mteja kwenye 192.168.1.25, anwani ambayo nje ya ofisi yako haina maana, na sauti inapotea. Sauti ya katibu inafika kwa sababu inakwenda kwenye anwani ya wazi ya seva. Pia ujumbe wa seva wa kuthibitisha kwamba imepata jibu unapotea njia hiyo hiyo. Simu inarudia kujibu, haithibitishiwi, na kanuni za SIP zinaiamuru ikate tamaa baada ya sekunde 32.

Kwenye swichibodi nzuri ya kukodi kosa hili limekwisha kushughulikiwa, kwani seva hupuuza anwani iliyoandikwa na kurudisha vifurushi kule vilikotoka. Kwenye Asterisk yako ni lazima uiambie ifanye hivyo, kwa kila namba ya ndani, na uiambie pia anwani yake ya nje ikiwa seva nayo iko nyuma ya NAT, yaani ruta inayoficha anwani za ndani nyuma ya anwani moja ya nje. Kisanduku cha ofisini kinakutana na kosa lile lile mahali pengine, yaani kati yake na kampuni ya simu, na hujitokeza hasa pale ambapo intaneti ya ofisi haina anwani ya kudumu, ruta ikazimwa usiku na kuamka na anwani mpya. Kwa njia zote tatu, ingia kwenye ruta na uzime kipengele kinachoitwa SIP ALG. Kilitengenezwa kusaidia, lakini kwenye ruta nyingi hubadilisha ujumbe vibaya na kuleta tatizo hili hili.

Ndugu yake kosa hilo ni simu inayopiga nje vizuri ila haiiti ikipigiwa. Simu hujiandikisha kwenye seva, mara nyingi kwa muda wa saa nzima, ilhali ruta husahau njia iliyofunguliwa baada ya dakika moja au pungufu ya kimya. Seva inapotaka kuita, mlango umefungwa. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya simu kuna mahali pa kuiagiza itume ishara ndogo ya kuishikilia njia. Weka kila sekunde 20 au 30. Wanaotumia intaneti ya Starlink au ya mitandao ya simu za mkononi, ambako wateja wengi hushirikiana anwani moja ya nje, wanahitaji zaidi jambo hili. Hao hao wajue kwamba kwa laini ya aina hiyo kisanduku cha ofisini hakiwezi kufikiwa kirahisi na mfanyakazi aliye nyumbani, ilhali swichibodi ya mbali inafikiwa bila shida.

Namba na mkataba

Kuhama mtandao bila kubadili namba kulianza Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017, kwa simu za mkononi. Usidhani kwamba haki hiyo inaifikia moja kwa moja namba ya ofisi uliyopewa na mtoa huduma wa swichibodi. Uliza kwa maandishi: namba imesajiliwa kwa jina la kampuni yangu au la kwenu, na nikivunja mkataba nitaondoka nayo?

Swali hili linaikwaza zaidi njia ya kwanza, kwa sababu swichibodi na namba huuzwa pamoja na kutenganisha kunakuwa kugumu. Kwenye njia ya pili na ya tatu, laini ya SIP na swichibodi ni mikataba miwili. Unaweza kubadilisha kampuni ya laini bila kugusa namba za ndani, na unaweza kubadilisha seva bila kugusa namba ya nje. Uhuru huo ni wa kweli, na kwa biashara ambayo namba yake imeandikwa kwenye magari na mabango, mimi ningeupa uzito mkubwa. Upande wa pili, kampuni za simu za hapa kwetu huwa tayari zaidi kutoa laini ya SIP kwa ofisi yenye faiba yao kuliko kwa seva iliyoko nchi nyingine. Pata idhini yao kabla hujalipia seva.

Katika nchi zote hizi, nunua namba kwa kampuni yenye leseni ya mamlaka husika, TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, UCC kwa Uganda. Wapo wanaopendekeza kukiunganisha kisanduku cha ofisini na kifaa cha kuchomeka laini za simu za mkononi ili kupunguza gharama. Kifaa hicho ni cha familia moja na simboksi ambazo mamlaka zinazisaka kwa kuingiza simu za kimataifa kwa mlango wa nyuma. Kama ni lazima, kiwe kwa simu zako mwenyewe tu, kwa laini zilizosajiliwa kwa jina la kampuni, na kwa ridhaa ya maandishi ya mtandao husika.

Wezi wa dakika

Seva yoyote ya SIP inayoonekana kwenye intaneti hupigwa hodi na programu za wezi muda mfupi baada ya kuwashwa. Zinapita mlango wa 5060, ambao ndio wa kawaida wa SIP, zinajaribu namba za ndani 100, 101, 200 na kuendelea, zikibahatisha nywila. Zikipata moja, wezi hawakusikilizi mazungumzo yako. Wanapiga simu kwa mfululizo kwenye namba za ng'ambo zenye bei kubwa, ambazo wao hulipwa mgawo kwa kila dakika. Hupenda usiku wa kuamkia Jumapili na sikukuu, ofisi ikiwa tupu.

Swichibodi ya kukodi ina walinzi wanaoangalia mienendo ya wateja wengi kwa pamoja, na mara nyingi huzuia simu za namna hii mapema. Soma hata hivyo kifungu cha mkataba kinachosema nani analipa nywila ya mteja ikivuja, kwa sababu kwa kawaida ni mteja. Seva yako mwenyewe ndiyo iliyo wazi kuliko zote, na inahitaji nywila ndefu zisizofanana na namba ya ndani, programu ya kufungia anwani zinazokosea mara kwa mara kama Fail2ban, na ikiwezekana fayawoli inayokubali anwani za ofisi zako tu au VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti. Kisanduku cha ofisini ambacho hakijafunguliwa mlango kuelekea nje ndicho salama zaidi kati ya vyote. Hatari yake huanza siku bosi anapotaka namba yake ya ndani iite nyumbani, na fundi akaufungua mlango wa 5060 kwa dunia nzima badala ya kumwekea VPN.

Kinga mbili hazina gharama na zinafaa njia zote. Zuia simu zinazoanza na 000 au alama ya kujumlisha isipokuwa kwa nchi mnazozipigia kwa kweli. Pili, chukua laini ya malipo ya kabla na uweke salio la wiki moja tu. Mwizi hawezi kuiba zaidi ya kilichomo.

Umeme na intaneti vikikatika

Hapa swichibodi za mbali zinaonyesha nguvu yake kubwa. Umeme wa ofisi ukizimika, swichibodi iliyo mbali haijui. Mteja akipiga anapokelewa na sauti ile ile ya kumkaribisha, kisha simu inahamishiwa kwenye simu ya mkononi ya mtu wa mapokezi, au inaita kwenye programu ya simu aliyoiweka kwenye simu yake. Ofisi inaonekana wazi. Kumbuka tu kwamba simu iliyohamishiwa kwenye namba ya mkononi ni simu ya pili inayotoka kwako, na dakika zake unazilipia wewe. Mpango huo uweke na kuujaribu mapema, kwa kuchomoa waya wa intaneti mchana kweupe na kupiga namba ya ofisi.

Kisanduku cha ofisini kinatenda kinyume. Intaneti ikikatika na umeme ukiwepo, vyumba vinaendelea kupigiana, jambo ambalo hospitali, hoteli au kiwanda kinalithamini sana. Umeme ukikatika bila akiba, kila kitu kinazima na mteja anasikia kwamba namba haipatikani, isipokuwa kampuni ya simu imekuwekea njia ya kuhamisha upande wake.

Kwa njia zote, nunua swichi inayopeleka umeme kwa waya wa mtandao, ili simu zote zitegemee UPS (betri ya akiba ya umeme) moja. Kwenye UPS hiyo chomeka swichi, ruta, na kile kisanduku kidogo cha faiba ukutani ambacho husahaulika mara nyingi. Kikizimika hicho, vingine vyote vinawaka bure.

Tena, swichibodi ya mbali haijui simu iko jengo gani. Namba ya dharura 112 ikipigwa kutoka kwenye mfumo ulio nchi nyingine inaweza isifike panapotakiwa. Bandikeni ukutani namba ya kituo cha polisi cha karibu, na pawe na simu ya mkononi yenye chaji kwa ajili hiyo.

Fedha na sauti zilizorekodiwa

Swichibodi ya kukodi hulipiwa kwa kila mtumiaji kila mwezi, mara nyingi kwa bei iliyofungwa kwenye dola, kwa hiyo inapanda wafanyakazi wakiongezeka na shilingi ikishuka. Seva yako hulipiwa kiasi kimoja kwa mwezi awe mtumiaji mmoja au arobaini, lakini saa za fundi ni gharama ya kweli hata kama fundi ni wewe. Kisanduku kinataka fedha nyingi mwanzoni na kidogo baadaye. Linganisha kwa miezi 36, si kwa mwezi wa kwanza, na uweke mshahara wa mtunzaji ndani ya hesabu.

Ukirekodi simu za wateja, unashika taarifa zao binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinaweka masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Kwenye njia ya kwanza na ya pili, kurekodi kwenye seva ya ng'ambo kunakuingiza kwenye masharti hayo. Kisanduku cha ofisini hakikuingizi, ingawa wajibu wa kumwambia mteja kwamba anarekodiwa unabaki.

Nani achague nini

Ofisi ya watu watatu hadi kumi na watano isiyo na fundi wa kudumu, ambayo watu wake wanafanya kazi leo nyumbani na kesho kwa mteja, itahudumiwa vizuri na swichibodi ya kukodi, ikiwa mtoa huduma ana seva ndani ya kanda hii na ameandika namba kwa jina la kampuni. Wakala wa forodha mwenye dawati bandarini Mombasa, ofisi Nairobi na mtu mmoja Malaba anaingia hapa moja kwa moja.

Kampuni yenye fundi anayeelewa mitandao, matawi kadhaa, au haja maalumu kama kuunganisha simu na orodha yake ya wateja, ifikirie seva yake yenyewe. Vilevile asasi yenye watumiaji wengi wanaopiga kidogo, kama shule au shirika la hiari, kwa sababu malipo ya kila kichwa yatailemea bila sababu. Fundi asiwe mmoja tu, au angalau kazi yake iwe imeandikwa kiasi kwamba mwingine anaweza kuipokea.

Hoteli ya Zanzibar yenye vyumba sitini, zahanati, kiwanda, au ofisi yoyote ambayo simu zake nyingi ni za ndani na iko mahali ambapo intaneti hupotea mara kwa mara, kisanduku cha ofisini bado kinawafaa, pamoja na UPS ya kutosha na kuhamisha simu kwa upande wa kampuni ya simu. Wanaweza baadaye kuongeza namba chache za mbali kupitia VPN kwa ajili ya mauzo, wakabaki na pande zote mbili.

Aliye bado njia panda aanze na simu mbili tu za swichibodi ya kukodi kwa mkataba wa mwezi mmoja mmoja, moja mapokezi na nyingine kwa mtu anayepigiwa sana, akiiacha namba ya zamani ikiendelea kufanya kazi. Azitumie mpaka mwisho wa mwezi upite, wakati intaneti ya ofisi inapolemewa na mahesabu, na aandike kila simu iliyokatika na saa yake. Saa hizo zikilingana na saa za foleni kwenye laini yake, atengeneze kwanza mtandao wa ofisini, kwa kuwa hakuna kati ya njia tatu itakayomtibu. Zikitawanyika bila mpangilio huku mtandao ukiwa mtulivu, apime safari hadi kwenye seva ya mtoa huduma kwa siku nzima ya kazi, na kama ni ndefu au inayumba, ahamishe simu hizo hizo mbili kwenye seva ya karibu zaidi kabla ya kununua ya tatu.